Kwa Mpwa Wangu Anayeanza Kazi Kazualti

Mombasa

Mwanangu,

Baba yako kaniambia umepangiwa kazualti, na kwamba unahofia majeruhi wa ajali. Hao utawazoea. Mimi namwaza yule atakayeletwa na ndugu zake usiku, kajidhuru kwa mkono wake mwenyewe, na wenzako waanze kutazamana.

Katika miaka yangu ya uuguzi niliwasikia watu wazima na vyeo vyao wakisema, "Kajitakia huyu, na angoje." Nilimwona mmoja akishona jeraha bila ganzi, eti mgonjwa atiwe adabu. Adabu gani hiyo? Mtu akitendewa hivyo, siku akizidiwa tena haji hospitali. Na usidhani ni ufukara wetu tu: mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2004 ilibidi uandike waziwazi kwamba aliyejijeruhi apewe ganzi anaposhonwa.

Zamani tulikuwa na hofu ya polisi juu ya hayo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hata familia zikidanganya kuwa mgonjwa ameanguka, nasi tukatibu uongo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hiyo atakayekuambia umwite askari kwanza, mwambie sheria imesemaje.

Ukishamtibu mwili, vuta pazia, waombe jamaa watoke kidogo, ukae. Muulize bila kuzunguka kama bado anafikiria kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo; wengi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Akikubali kwamba bado anafikiria, usimwache peke yake hata dakika, na mwite daktari wa afya ya akili au yeyote wa karibu na kazi hiyo.

Kisha kuna kuruhusiwa, na hapo ndipo tunapowapoteza. Tunampa karatasi ya dawa, tunamsahau. Shirika la Afya Duniani lilijaribu njia nyingine katika hospitali za Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China: mazungumzo ya saa moja kabla ya mgonjwa kwenda nyumbani, kisha kupigiwa simu au kutembelewa mara 9 ndani ya miezi 18. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Kati ya waliofuatiliwa, waliokufa kwa kujiua walikuwa 0.2%; kati ya waliopata huduma ya kawaida, 2.2%. Hakuna mashine hapo, mwanangu, wala dawa ya bei. Ni simu na mtu wa kuipiga.

Basi ukiripoti, muulize msimamizi wako ni nani anayewapigia wagonjwa hawa wakisharudi makwao. Akikuambia hakuna, omba daftari na uianze kazi hiyo wewe.

Shangazi yako