Mashini ya mama mdogo

Mama mdogo wangu alifariki hapa Liège, mji wa Ubelgiji ninamokaa tangu miaka mingi. Watoto wake wako Bukavu. Baada ya mazishi jamaa walinipa kazi moja: kuuza vitu vyake na kuwatumia feza. Vitu havikuwa vingi. Masufuria, redio ya zamani, na mashini ya kushona, Singer ya mkono, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu na kifuniko cha mbao. Binti yake mkubwa akaniambia kwa simu: «Yaya, hiyo mashini usiitupe kwa bei ya chini. Wazungu wanapenda vitu vya zamani.» Nikaitika. Hapo ndipo nilipokosea.

Nikaamua kuiuza kwenye mnada wa intaneti. Wasomaji wapenzi, mnada wa kawaida mnaujua: mtu anasimama mbele, anainua kitu, watu wanapandisha bei, na mwenye kushinda analipa palepale. Huu wa intaneti una njia nyingine. Unapiga picha, unaandika maelezo, unaweka bei ya kuanzia na siku ya kufunga. Kisha unangoja. Watu wasioonana wanaandika bei zao, kila mtu nyumbani kwake.

Mnada wa namna hiyo unaojulikana sana ni eBay, ulioanzishwa California mwaka 1995 na Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris, mwana wa Wairani. Moja ya vitu vya kwanza kuuzwa humo kilikuwa kifaa kidogo cha laza, cha kuonyeshea ukutani, nacho kimevunjika. Kilipata dola 14 na senti 83. Omidyar alistaajabu, akamwuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba hakifanyi kazi. Yule akajibu kwamba yeye hukusanya vilivyovunjika. Habari hiyo ilinitia moyo kabisa. Ikiwa kibovu kilipata mtu, je, mashini nzima itakosa? Mnada nilioutumia mimi sitautaja jina.

Nikaweka bei ya kuanzia euro 1, kwa kuwa wenye kuuza mara nyingi husema bei ndogo inavuta watu. Siku ya kufunga bei ikafika euro 63. Nikafurahi, nikapeleka habari Bukavu jioni ileile. Kumbe aliyeshinda hakulipa. Nikamwandikia mara tatu, kimya. Baada ya siku kadhaa nikaruhusiwa kuanza upya. Katikati ya hayo mtu mwingine akaniandikia kwamba atamtuma mjumbe na feza mkononi, ila kwanza niandike namba za kadi yangu ya banki mahali alipoonyesha. Huyo nilimfahamu mara moja. Wevi wa mtindo huo hata kwetu wapo.

Mara ya pili bei ikasimama kwenye euro 41. Hapo nilijifunza jambo ambalo mama yangu, aliyeuza sambaza katika soko la Kadutu, hakuhitaji kufundishwa na mtu. Katika mnada huu kila mnunuzi anaificha bei yake ya mwisho ndani ya mashini, nayo mashini inampandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumpita mwenziwe tu. Basi bei haiwekwi na yule anayekitamani kitu kuliko wote. Inawekwa na yule wa pili. Labda mshindi wangu alikuwa tayari kutoa euro 100. Sitajua kamwe, maana wa pili alichoka kwenye 40. Mama angemtazama mtu usoni, angeona jinsi anavyozigeuza sambaza, angejua. Angeshusha bei kidogo, angeongeza matabishi, na mteja angerudi kesho. Mimi nilikuwa na picha sita na saa inayokimbia.

Tena Singer za zamani si adimu. Kiwanda kilizitengeneza kwa mamilioni, na nyingi zingali zinashona. Uzee peke yake hauongezi bei. Laiti ningalijua hayo kabla ya kumwitikia binti wa mama mdogo!

Kisha posta. Nilikadiria euro 7, nikaziandika katika tangazo. Mashini ni chuma: pamoja na kifuniko na kartoni ilifika kilo 14. Nikalipa euro 19, na tofauti ikawa yangu.

Baada ya siku nne barua ya mnunuzi ikafika. Kifuniko kina ufa, alisema. Nimrudishie euro 20, ama sivyo ataandika neno baya juu yangu. Ufa huo nilikuwa nimeuandika mstari wa pili wa tangazo, na picha yake ilikuwa ya tatu. Nikamjibu kwa adabu. Akapeleka mashtaka kwa wenye mnada. Sheria ya Ulaya inampa mnunuzi siku 14 za kurudisha kitu alichonunua kwa mfanyabiashara kupitia intaneti, si kwa mtu binafsi kama mimi. Lakini wenye mnada wana kanuni zao, nami nilizikubali bila kuzisoma. Majibu yalikuja upesi mno, bila jina la mtu chini. Nirudishe euro 20.

Niwe wa haki. Zamani wauzaji walikuwa wakijilipiza kisasi: ukiwasema vibaya, nao wanakusema vibaya, hata wanunuzi wakaogopa kusema kweli. Ndiyo maana mwaka 2008 eBay iliwakataza wauzaji kuandika neno baya juu ya wanunuzi. Mwenye duka kubwa, mwenye sifa elfu kumi, neno moja baya halimwumizi. Mimi nilikuwa na sifa sita.

(Tangu mwaka 2023 sheria ya Umoja wa Ulaya inaiagiza minada hiyo ipeleke kwa watu wa kodi habari za anayeuza mara 30 au zaidi, au kupita euro 2000, kwa mwaka. Mimi na mashini yangu moja hatukumsumbua mtu.)

Hesabu ni hii. Bei 41, na posta aliyolipa mnunuzi 7: jumla 48. Ushuru wa mnada 4. Posta yenyewe 19. Kartoni na karatasi za kufungia 3. Euro 20 nilizorudisha. Zikabaki euro 2.

Nikapiga simu Bukavu. Binti yake akauliza: «Yaya, mashini ya mama imetoa ngapi?» Nikamwambia. Akanyamaza kitambo. «Lakini ulisema 63.» Nikamtumia picha za karatasi zote. Zimeandikwa Kifaransa, naye anakisoma vizuri, lakini maneno ya mnada hayakumwingia. Kwa haya nikaongeza euro 50 za mfuko wangu, nikazituma. Hapo nikaharibu zaidi, kwa maana sasa jamaa wanaulizana: ikiwa ametuma 52, amebaki na ngapi?

Redio ingali katika chumba cha chini. Jumapili kuna soko la La Batte, kando ya mto Meuse. Nitaipeleka huko, niiwashe, mtu aisikie ikilia mbele yangu, aniambie anatoa ngapi. Nimemwomba mpwa wangu aje na simu yake, amwonyeshe dada yake Bukavu feza zikihesabiwa.