Usiogope Picha Iliyoharibika

Wengi wetu twapenda kupigwa picha, lakini ni wachache wanaothubutu kushika kamera. Kinachotuzuia ni woga: nikiharibu nitachekwa, na fedha itakuwa imepotea. Napenda niwaeleze jinsi nilivyoikuza kazi hii hapa Dodoma, kwani ndiyo iliyonisaidia kusomesha watoto.

Wakati ule wa mikanda, mkanda mmoja ulitoa picha 36, na kuzisafisha kulihitaji fedha, ziwe nzuri au mbaya. Ndiyo maana mafundi tulishika kanuni moja: jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, na mteja asimame wima. Kanuni hiyo ilileta unga nyumbani. Lakini jua la Dodoma saa sita mchana ni kali. Watu hukunja nyuso, na macho huzama kivulini. Picha zilionekana, ila hazikuwa na uhai.

Nikakubaliana na mume wangu kwamba kila mwezi, kutokana na faida, mkanda mmoja uwe wa majaribio. Wateja hawakuguswa, maana arusi ya mtu haifanyiwi majaribio. Mama mkwe hakupendezwa. "Fedha ya sabuni unaichezea," alisema.

Jioni moja ya mavuno nilimpiga yeye mwenyewe akipeta uwele, jua likiwa nyuma yake. Picha nyingi zilitoka nyeusi, kwa sababu kamera ilipima mwanga wa mbingu badala ya uso. Mwezi uliofuata nilimsogelea, nikapima mwanga usoni pake, kisha nikarudi nyuma na kupiga bila kubadili vipimo. Uso ukaonekana, na makapi yakang'aa hewani.

Nilijaribu pia kwa wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme. Kwa kasi ya 1/500 ya sekunde mikono iliganda kama ya sanamu. Kwa 1/30 mikono ilififia, ukaona mwendo wa ngoma. Kati ya picha kumi nilipata moja, nayo ilinitosha.

Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri wa Kenya, alipoteza mkono katika mlipuko wa mwaka 1991 huko Addis Ababa. Alirudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996. Sisi wenye mikono miwili tunaogopa nini?

Picha ile ya kupeta, mama mkwe aliichagua mwenyewe itundikwe sebuleni. Sasa hayupo, na wajukuu wadogo wanamjua kwayo.

Siku hizi simu haidai mkanda. Kwa hiyo, mama, jaribu asubuhi, jaribu jioni, jaribu chini ya mbuyu. Zilizoharibika usizifute upesi. Andika saa na mahali ulipopiga, kisha jiulize mwanga ulitoka wapi. Kesho utajua pa kusimama.