Ajali na Fidia

Lugha yetu ina upole wake kwa wenye makosa. Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili ya maana yake ni muda uliokadiriwa, siku ambayo mja hawezi kuiharakisha wala kuiakhirisha. Gari likimgonga mtoto kandokando ya lami, neno la kwanza tulitamkalo limekwisha kumtoa dereva hatiani. Nasi watu wa pwani tulikumbuke hilo, kwani neno hili limepita kwetu kabla ya kufika ziwani.

Nililisikia Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, katika barabara iendayo Musoma. Nilikwenda kuhani msiba wa fundi cherehani aliyegongwa na basi dogo lililokuwa likishindana na jingine, mahali penye kibao cha kilomita 50 kwa saa. Siku ya tatu akaja mjumbe wa mwenye gari. Alivua kofia, akaketi mkekani, akamwambia mkubwa wa ukoo: "Mzee wangu, hii ni ajali, na kazi ya Mungu haina makosa. Bosi ametoa hiki cha rambirambi." Ndani ya bahasha, pamoja na fedha, mlikuwa na karatasi isemayo kwamba familia haina madai tena. Mzee akatia saini. Mjane alikuwa chumbani, hakuulizwa.

Kazi ya Mungu haina makosa, yakini. Ila mwendo ule ulikuwa wa dereva. Hata Qur'ani, katika Suratun-Nisaa, imeamuru diya kwa aliyeuawa kwa kukosea, ila jamaa zake wakisamehe. Na asamehe basi mwenye kujua anachokisamehe.

Wengi hudhani kwamba dereva akishatozwa faini shauri limekwisha. La hasha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini huingia Serikalini, yatima haioni. Madai ya fidia ni mlango mwingine, na unaweza kubishwa kwa dereva na kwa mwenye gari aliyemtuma kazini. Hukumu iliyomtia dereva hatiani huwa ushahidi mzito huko. Nyuma yao yupo mwenye bima, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima kwa ajili ya watu wengine. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya bati la gari. Namba ya usajili yatosha kuulizia bima hiyo katika mfumo wa TIRA.

Aliyefiwa humhitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, adai kwa niaba ya mjane, watoto na wazazi. Aliyejeruhiwa ana miaka 3 tu ya kufungua madai. Na shauri hushinda kwa karatasi: PF3, mchoro wa polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari, risiti za dawa. Nani atamkusanyia hayo mvuvi aliyelala Bugando, mguu umefungwa vyuma? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na kwa maoni yangu mmoja wao angefaa kuketi katika kila matanga ya namna hii, kabla ya bahasha haijafika.

Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana katika barabara hiyohiyo, huko Butiama, wakafa watu zaidi ya 30. Nasi tukasema: ajali. Lakini pale Igoma, kabla hujafika Kisesa, wamezikwa watu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na mtu wa Mwanza ukimwuliza juu yao hakwambii siku zao zilifika. Hukwambia meli ilijazwa kupita kiasi. Mabasi ya Musoma hupita Igoma mchana kutwa, na madereva huwashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi ya polisi.