Timu Iliposhuka Daraja

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunayajua majina ya Simba na Yanga hata kama hatujawahi kukanyaga uwanjani. Lakini mechi ambayo mimi niliiona ikiingia ndani ya nyumba za watu huku kwetu Bulyaga haikuwahusu wakubwa hao. Ilikuwa Juni 2023, ligi imekwisha na bingwa amekwisha kupatikana, Mbeya City walipokutana na Mashujaa ya Kigoma kugombea nafasi moja tu.

Nieleze kidogo, kwa sababu kuna mama ambaye akisikia neno mchujo anafikiria chai. Ligi Kuu msimu ule ilikuwa na timu 16. Mbili za mwisho, Polisi Tanzania na Ruvu Shooting, zilishuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14, yaani KMC na Mbeya City, zikacheza zenyewe kwa zenyewe. KMC wakapona. Mbeya City wakabakiwa na mlango mmoja: wacheze na Mashujaa, timu ya jeshi iliyokuwa ikitafuta kupanda kutoka daraja la chini. Hapo hapakuwa na kombe wala medali. Anayeshinda anabaki sebuleni, anayeshindwa anakaa nje mwaka mzima, pengine na zaidi.

Mtu wa Dar es Salaam atasema hizo ni timu ndogo. Huku kwetu si hivyo. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, mbele ya Simba. Na sisi watu wa Rungwe tuna kidonda cha zamani zaidi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji wetu huu wa mvua na migomba, ilichukua ubingwa wa Tanzania katika msimu wake wa kwanza wa ligi. Baba watoto wakati ule alikuwa darasa la nne, na mpaka leo anawataja wachezaji wale kama mtu anayetaja wajomba zake. Baadaye timu ile ilishuka. Vijana wetu wameijua kwa kusimuliwa tu. Kwa hiyo baba watoto akisema "kushuka daraja" hasemi habari ya gazetini.

Siku ya mchezo wa marudiano aliondoka asubuhi na kijana wetu wa pili, miaka 12, kwenda Mbeya, uwanja wa Sokoine. Ni mwendo wa kilometa 70 hivi, na Juni Isongole ina baridi ya kukata masikio. Nilimfungia makoti mawili, ndizi za kuchoma, na vidonge vyake vya presha, nikamwambia avimeze kabla ya mpira kuanza. Alicheka. Mimi sikucheka. Wauguzi tunajua jambo hili: mwaka 2006, Ujerumani ilipokuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, madaktari wa eneo la Munich walihesabu wagonjwa wa dharura ya moyo. Siku ambazo timu yao ilicheza, waliongezeka zaidi ya mara mbili ya siku za kawaida. Wengi walikuwa wanaume, lakini wanawake pia walikuwemo.

Mimi nilikuwa zamu ya mchana. Wodini kulikuwa na redio ndogo ya mgonjwa mmoja, na mpira ulipokwisha niliijua habari kwa ule ukimya. Mashujaa walikuwa wamepanda. Mbeya City walikuwa wameshuka.

Jioni ile, kabla sijakabidhi zamu, aliletwa mama mmoja amepasuka juu ya jicho. Alisema ameanguka kwenye kuni. Nilimshona nyuzi nne, na wakati namshona akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli timu imeshuka kabisa au kuna mechi nyingine. Nikaelewa kuni hizo ni za namna gani. Nilifunga mlango, tukazungumza mpaka gari la mwisho lilipokaribia kuondoka. Aliyoniambia ni siri yake.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo yao: katika eneo walilochunguza, Uingereza ilipofungwa kwenye Kombe la Dunia, taarifa polisi za ukatili wa nyumbani zilipanda kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare zilipanda kwa asilimia 26. Soma tena hapo. Hata furaha ilileta ngumi. Ndiyo maana mtu akiniambia "ni hasira za mpira tu", simkubalii. Mpira haujawahi kumpiga mke wa mtu. Pombe, fedha za mkeka zilizotoka kwenye akiba ya ada, na mkono uliozoea, hivyo ndivyo vinavyopiga.

Lakini pia sikubaliani na wenzangu wanaowacheka waume zao wakirudi na majonzi. Baba watoto alifika saa tatu usiku. Kijana aliingia ameshika viatu mkononi, akalala na koti. Baba yake akakaa jikoni karibu na moto, akasema, "Mama, tumeshuka." Nikampa chai. Nikamuuliza kuhusu vidonge, akatikisa kichwa kuwa amemeza. Hatukuzungumza zaidi.

Asubuhi kijana aligoma kunywa uji, akawa analia. Nilitegemea baba yake atamwambia mwanaume halii. Akamvutia kigoda, akaanza kumsimulia Tukuyu Stars ilivyoshuka, na jinsi babu yake alivyokaa siku mbili bila kutaka kusikia redio. Habari za babu huyo kulia sikuwahi kuzisikia tangu niolewe.

Mashujaa wakaenda Ligi Kuu. Mbeya City walikaa chini misimu miwili, wakarudi mwaka 2025 pamoja na Mtibwa Sugar. Siku ilipothibitika nilisikia kelele kule barabarani, nikatoka mbio na kanga moja nikidhani kuna msiba. Kijana, ambaye sasa amenipita kimo, alikuwa ameshaanza kumwomba baba yake nauli ya Sokoine.