Dakika 45

Mtihani wa mwisho wa mwaka wangu wa kwanza ulikuwa wa masaa 3. Tulipoambiwa "kalamu chini", nilikuwa bado kwenye swali la pili kati ya matatu. Si kwamba sikujua. Swali moja nililisoma mara nne, na kila mara maneno yananiponyoka.

Mwalimu wangu akaniambia nikapimwe. Jibu likarudi: disleksia. Fomu ya chuo ilikuwa na kisanduku kimoja: "Je, una ulemavu?" Jamani, ile fomu ilikaa kwenye begi miezi sita. Kwetu, hapa Leicester kama kule Mombasa, mlemavu ni mtu wa kuhurumiwa na kuombewa dua. Mimi natembea, naona, nasikia. Ningemwambia nini Mama, aliyekuwa anafanya zamu mbili ili nisome?

Nilifeli mtihani mwingine, ndipo nikaijaza.

Kumbe Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakitaka chuo kirekebishe mambo ili mwanafunzi mwenye ulemavu asiachwe nyuma, na disleksia inaweza kuhesabiwa humo. Kuna pia posho ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu. Haiangalii kipato cha wazazi, na si mkopo. Mimi nilipewa robo ya muda zaidi, yaani dakika 45 kwa mtihani wa masaa 3, na programu ya kunisomea vitabu kwa sauti. Maswali yalikuwa yale yale. Hakuna aliyenipa maksi za bure.

Mama nilimwambia baada ya mahafali. Nilitegemea machozi. Akanyamaza, halafu akauliza, "Hizo herufi zinakufanyaje?" Nikamweleza.

"Basi ndivyo zilivyokuwa zikinifanya mimi. Sisi tulikuwa tunachapwa tu, mwanangu."

Nikakumbuka kwamba meseji zake zote za WhatsApp ni za sauti. Nikakumbuka barua za kaunsili nilizokuwa namsomea tangu nina miaka 9, polepole, kidole kwenye mstari, na yeye hajawahi hata siku moja kunihimiza.

Kama una fomu kwenye begi, itoe leo, usingoje msimu wa mitihani. Na nyumbani usikae kimya miaka mitatu kama mimi. Pengine kuna mtu mwingine hapo anangoja kuulizwa.