Baraka na Fizi, Miji ya Wabembe

Msafiri atokaye Uvira kwenda kusini huwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, mpaka afike Baraka, yapata kilometa 90. Mji umekaa ukingoni mwa ghuba, na mbele yake rasi ya Ubwari huukinga na mawimbi makubwa. Usiku wavuvi huwasha taa majini ili kuwavuta dagaa, waitwao huku ndagala. Kukicha, wanawake huwaanika juani. Fizi, makao ya serikali ya teritwari, i juu mlimani, na ni kimya zaidi.

Wenyeji wengi ni Wabembe, wakulima wa mihogo. Pamoja nao wamo Wabuyu, Wafuliiru, Wazoba wa Ubwari, na Wanyamulenge wenye kuchunga ng'ombe katika nyanda za juu. Ujirani huo umetiwa damu mara nyingi, wala si haki kulificha jambo hilo.

Wageni hupenda kuuliza habari za Che Guevara, aliyekaa miezi saba katika milima hii mwaka 1965 akiwasaidia waasi, kisha akaondoka mikono mitupu. Sisi twaona afadhali waulize kwanza habari za tarehe 28 Novemba 1964. Siku hiyo Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka na waasi wa Simba. Jioni ile ile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walikuwa Wasaveri kutoka Italia. Joubert alizaliwa pwani ya ziwa hili hili, na mama yake alikuwa Mwafrika. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri huko Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha maelfu ng'ambo ya ziwa, na wengi wakakaa kambini Nyarugusu, nchi ya Tanzania. Tangu mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha Baraka. Walishuka vijana waliozaliwa kambini, wasiolijua shamba la babu zao. Na shamba lenyewe pengine lilikuwa na mlimaji mwingine. Kesi za namna hiyo ziliwachosha wazee wa vijiji kuliko njaa.

Mwaka 2015 zamu ikageuka. Warundi walikimbia machafuko ya kwao, wakapewa kambi Lusenda, kwenye njia ile ile ya Uvira. Nao waliowapokea walikuwamo watu waliokwisha kupanga mstari wa posho miaka mingi huko Nyarugusu.