Babu yetu wa manowari ya Sayyid



Ndugu zetu wasomaji, kila ukoo una mtu wake wa kujivunia. Sisi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tumelelewa tukiambiwa kuwa baba wa babu yetu alikuwa ofisa mkubwa wa manowari za Sultani wa Unguja, na kwamba alisafiri hadi Marekani kumpelekea rais farasi. Habari hii ilitajwa kwenye posa, ikatajwa kwenye matanga, na Baba Mkubwa kila akiisimulia huongeza mizinga miwili mitatu.

Kisha mtoto mmoja wa nyumbani akaagizwa madrasa aandike ukoo wake hadi kizazi cha tano. Ndipo tulipokaa kuhesabu miaka, na hesabu ikakataa.

Safari ya Marekani ni ya kweli. Merikebu ya Sayyid Said bin Sultan iitwayo Sultana iliingia New York tarehe 30 Aprili 1840, na ndani yake mlikuwa na karafuu, pembe za ndovu, tende, na farasi wawili wa zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Mjumbe wa Sayyid alikuwa Ahmad bin Naaman al-Kaabi, na huko huko alichorwa picha na mchoraji Edward Mooney. Lakini bibi yetu, Allah amrehemu, alizaliwa wakati wa Wabelgiji, naye ndiye aliyekuwa akimtilia mkwewe huyo maji ya udhu. Mtu mzima wa 1840 angefikaje?

Basi tukauliza: kama alikuwa baharia kweli, alikuwa katika chombo gani?

Merikebu za Sultani zilivunjwa bandarini Unguja na kimbunga cha Aprili 1872. Baadaye Sayyid Barghash akanunua vyombo vipya, na kimoja kiliundwa Scotland mwaka 1878, kikaitwa Glasgow. Kilidumu hadi tarehe 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza. Saa tatu asubuhi manowari za Kiingereza zikaanza kupiga kasri. Haikutimia saa moja, mambo yakawa yamekwisha. Glasgow ilijibu mizinga, ikazamishwa pale pale bandarini. Maji yalikuwa mafupi, kwa hiyo milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya bahari kwa miaka mingi.

Tuliposoma hayo tulinyamaza. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba mkwewe akiulizwa habari za bahari hujibu neno moja tu: chombo chetu kilikufa kimesimama. Sisi watoto tulikuwa tukicheka, tukidhani ni uzee.

Ushahidi wa pili ulikuwa nyumbani siku zote, ndani ya juzuu kuukuu alizoziacha. Ni karatasi ya mahari, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ustadh mmoja alitusomea. Baada ya jina lake imeandikwa: serahangi wa Glasgo, mtu wa Sayyid.

Serahangi si ofisa mkubwa. Ni mnyapara wa mabaharia, anayesimamia kamba, matanga na watu wa sitahani, naye yuko chini ya nahodha. Hilo Baba Mkubwa alilimeza kwa shida. Lililomkera zaidi ni hayo maneno mawili ya mwisho. Katika Kiswahili cha zamani, mtu wa fulani aliweza kuwa mfuasi wake, mwajiriwa wake, au mtumwa wake. Na Unguja utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria Aprili 1897, miezi saba hivi baada ya Glasgow kuzama. Juu ya jina la babu karatasi haitaji baba.

"Mnataka tuwaambie nini wakwe?" aliuliza Baba Mkubwa. "Wengine wanatafuta ukoo wapande, nyinyi mnatafuta mshuke."

Tulimwelewa. Wapo kati yetu walioozwa kwa sifa ya farasi wale. Lakini Suratul Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha kuwaita watu kwa baba zao, na wale wasiojulikana baba zao inawataja kuwa ni ndugu zetu katika dini. Hao wasiojulikana hawakutupwa nje. Sisi ndio tuliokuwa tukiwatupa, kwa kumvisha babu cheo cha Ahmad bin Naaman. Na tukiwa wakweli, kijana aliyesimamia kamba chini ya mizinga ile, kisha akakata bara hadi Ujiji akaanza maisha upya mbali na bahari, ana habari kubwa kuliko ya kupeleka farasi.

Mtoto amepeleka ukoo wake madrasa. Kizazi cha tano kimeandikwa: serahangi wa Glasgow, Unguja. Juu yake tumeacha mstari mtupu. Baba Mkubwa bado hajasema kitu, ila Ijumaa iliyopita aliomba atolewe nakala.

Ndugu wenye wazee Ujiji au Rumonge waliowahi kusikia habari za mzee aliyeitwa Serahangi, tunaomba mtuulizie kabla wazee hawajatutoka. Nanyi mtukumbuke kwa dua, pamoja naye.

Wassalaam aleikum.